Nyota ya Kufungia Sabato

Ijumaa, 10 Aprili

Nimefunga duka saa kumi na moja. Mteja mmoja alibaki nje akigonga, anataka waya wa stima. Nikamwambia arudi Jumapili. Akaniita mama mchungaji. Sawa tu.

Nikapanda paani kuanua nguo. Naishi orofa ya mwisho hapa Mwembe, na paa ni langu na kunguru. Nguo nusu mbichi. Nikatazama juu, mazoea tu, kutafuta nyota ya kufungulia Sabato. Hakuna kitu. Hoteli mpya iliyo mkabala imewasha bango lake: jekundu, zambarau, jekundu tena. Kituo cha petroli kinawaka utadhani kuna arusi. Mbingu ya Kisii mjini siku hizi ina rangi ya chai iliyozidi maziwa. Niliona kitu kimoja kikimetameta, nikafurahi. Ilikuwa ndege, ikaenda zake.

Na nimlaumu nani? Nusu ya taa za mtaa huu zimetoka dukani kwangu. Ndiyo kazi inayonilisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimesali peke yangu. Nimekula viporo. Nimekumbuka kwetu.

Jumapili, 12 Aprili

Nimeshinda kwa Mama. Nyumbani ni mbele kidogo ya Nyaramba, chini ya kilima. Chai upande mmoja wa boma, migomba upande wa pili. Juu ya kilima kuna barabara na soko. Sisi tuko chini.

Kilima hicho ndicho kilichotupa desturi yetu. Kinameza jua mapema. Uani kwetu kunaingia kivuli wakati ng'ambo ya bonde jua bado linawaka kwenye chai ya watu. Zamani majirani waligombana sana: Sabato inaisha jua likiingia nyuma ya kilima, au likizama kwelikweli? Wenye njaa walikuwa na jibu lao. Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa na lake. Alisema kilima si Mungu. Tungoje nyota ya kwanza juu ya migomba, maana ikitoka hata mbishi hana neno.

Basi kila Jumamosi jioni tulisimama uani, sisi watoto watatu na wazazi wetu, shingo juu. Hakuna moto. Hakuna chungu. Aliyeiona kwanza ndiye aliyeanzisha wimbo wa kufunga Sabato, na ndiye aliyekula ndizi ya kwanza kuiva motoni. Mimi nilikuwa mkali. Kaka zangu walininunia wiki nzima. Tata hakuiona kwanza hata siku moja. Tulimcheka, tukamwambia ana macho ya kuku jioni. Alikubali. Alijipangusa macho kwa ukosi wa koti, akasema sisi ndio macho yake.

Tata alikufa zamani. Kaka zangu wako mbali na maisha yao. Mama ameendelea peke yake, anasimama pale pale kando ya ghala, anangoja nyota, anaimba sauti moja.

Ila macho yamemwishia. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mimi hunitambua kwa mwendo. Daktari alisema ni kazi ndogo, wanatoa ule ukungu wanaweka lenzi. Mama hataki. Anasema macho yake yamesoma Biblia yote na yamewaona wajukuu, yaachwe yapumzike. Nimebishana naye tena leo. Nimeshindwa tena.

Jambo moja. Ameniambia nyota siku hizi inatoka kubwa, kubwa kuliko zamani, hata yeye kipofu anaiona. Anasema ni rehema. Nikaitikia tu. Maneno ya wazee.

Jumapili, 19 Aprili

Siku mbaya.

Moraa alinipigia simu jana jioni. Moraa tulianza naye darasa la kwanza, sasa anauza mboga na ndizi pale sokoni juu ya kilima, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya soko. Akasema njoo umwone mama yako, hataki kula. Nimeondoka alfajiri.

Haya ndiyo yaliyotokea. Jana mchana wingu jeusi lilikaa juu ya kilima, lile la kuleta mvua ya mawe. Kukawa giza. Februari iliyopita soko liliwekewa mulika mwizi, taa kubwa juu ya mlingoti mrefu. Taa hiyo haina mtu wa kuiwasha. Ina sensa, kidude kidogo kinachohisi giza. Sensa ikahisi giza, ikawasha. Jua lilikuwa bado na safari ndefu.

Mama alikuwa uani. Akaona mng'ao juu ya migomba. Akajua ni nyota. Akaimba, akasali, akafunga Sabato. Kisha akawasha moto, akateleka chungu cha mahindi na maharagwe, akachukua ungo akaanza kupepeta wimbi.

Kisha wingu likapasuka na jua likatoka. Likamwangaza yeye na ungo wake na moshi wake. Na hapo hapo wanawake wa kanisa wakawa wanapita njiani kutoka kipindi cha mchana. Wakamkuta shemasi wao, mama aliyewafundisha kushika Sabato, anapepeta wimbi mchana kweupe. Mmoja alicheka. Simjui jina na heri nisilijue.

Moraa ndiye aliyeshuka kumweleza. Moraa ni Mkatoliki, Jumamosi yuko kazini. Akamwambia, "Mama, hiyo si nyota. Ni taa yetu ya soko."

Mama alimwaga maji motoni. Chungu kizima akawapa ng'ombe. Nilipofika leo alikuwa amekaa kitandani na nguo za kanisani bado mwilini.

Akaniuliza taa hiyo iliwekwa lini. Nikamwambia Februari.

Akahesabu Sabato kwa vidole. Kisha akasema, "Kumbe tangu Februari ninaimbia balbu."

Akasema alidhani Mungu amemwongezea mwanga kwa kuwa macho yamepungua. Taa ile kamati iliinunua kwangu, na sensa pia. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala kama mtoto.

Jumanne, 21 Aprili

Duka limejaa. Kila mtu anataka ile inayowaka yenyewe. Nimemjibu mteja vibaya bila sababu. Baadaye nimemwomba radhi, na amenunua mbili.

Nawaza zamani. Wimbo ukiisha, Tata alitandika ngozi ya ng'ombe uani na sisi tukalala chali tukingoja ndizi ziive. Hakukuwa na stima toka kwetu hadi Nyaramba. Ching'enang'eni, ndivyo tunavyoziita nyota kwa Kigusii, zilijaa mpaka uliogopa. Kilimia kule, kimejikusanya kama vifaranga. Na ule mkanda mweupe unaokata mbingu katikati. Tata alisema kuna mtu huko juu alitoka kusaga, gunia likatoboka, na mkewe hajajua mpaka leo. Mama alikuwa anasema usiwadanganye watoto siku ya Bwana. Tata anasema siku ya Bwana imeisha, umeimba mwenyewe.

Watoto wangu sijawahi kuwaonyesha mkanda ule. Walizaliwa mjini. Ukiwaambia, wanaitafuta picha kwenye simu.

Jumapili, 26 Aprili

Mama amekubali kupasuliwa jicho!

Nilikuta ameamua. Hajaenda kanisani jana. Mara ya kwanza tangu nizaliwe, labda siku ya kujifungua tu. Anasema hawezi kukaa mbele ya watu na macho yanayomdanganya. Basi yatengenezwe.

Ila ametoa sharti. Jicho likifunguliwa, Jumamosi ya kwanza, anataka kufunga Sabato uani kwake. Kwa nyota. Si kwa saa ya simu yangu, wala si kwa kalenda ya kanisa yenye saa za machweo. Nyota ya Tata, juu ya migomba.

"Nikiiona hiyo," amesema, "nitarudi kanisani. Nisipoiona, niache hapa hapa nyumbani."

Nikasema utaiona, Mama. Nimesema haraka mno. Jioni nilipotoka nilisimama pale kando ya ghala nikatazama juu ya migomba. Ile taa iko pale pale hasa. Inakupiga usoni. Nyuma yake mbingu nyeusi tii, hata mimi mwenye macho mazima sikuona kitu. Migomba ina vivuli viwili. Kuku wanazurura, hawajui saa ya kulala.

Atafunguliwa jicho aone balbu. Nitafanya nini?

Jumatano, 29 Aprili

Nimefunga duka katikati ya wiki, nimeenda kwa Moraa. Nilimkuta anafunga mboga za chinsaga mafungu mafungu. Nikamwomba kitu kimoja. Jumamosi ya kwanza Mama akishafunguliwa jicho, taa ichelewe kuwaka. Muda wa nyota kutoka tu.

Amekataa. Hakunizungusha.

"Kemunto, unaona hii mkono?" Akauinua mkono wa kulia. Haunyooki. Aliporwa mwaka juzi wakati wa magharibi, anafunga kibanda, wakamvunja. "Saa hiyo ndio wachumaji wanatoka kupima chai, ndio wanakuja kununua mboga. Na ndio hao vijana wanakuja pia. Giza ikiingia na taa haijawaka, mama wa watu akiumizwa, nitasema nini? Nitasema tulikuwa tunangoja nyota?"

"Ni mara moja tu," nikasema.

"Mama yako ni mama yangu. Nimekula ndizi zake nikiwa mtoto. Lakini hii taa si yangu, ni ya watu."

Nikamwambia amekuwa mkubwa siku hizi. Maneno ya kijinga. Akainama kwenye mboga zake, nami nikaondoka bila kuaga.

Nina hasira. Na mbaya zaidi, mgala muue na haki yake mpe: kabla ya taa ile wanawake wale walikuwa wanakimbia nyumbani jua likingali juu, mboga zinawaozea. Sasa wanauza, wanacheka, wanasuka nywele chini ya mwanga. Nimeona kwa macho yangu.

Jumatatu, 4 Mei

Hospitali hapa mjini wamempa Mama siku. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Jicho la kulia kwanza.

Nimepata wazo dukani. Nilikuwa namwonyesha mteja sensa kama ile ya soko. Ukiifunika kwa kiganja, taa inawaka. Ukiutoa mkono, inazima. Alipokwenda nikafunga mlango, nikazima taa zote za duka nikabaki gizani, nikaielekezea sensa tochi. Taa haikuwaka. Sensa ilidhani ni mchana.

Kwa hiyo ukitaka mulika mwizi isiwake, huhitaji kukata waya. Unaimulika tu.

Nimecheka peke yangu. Kisha nimeacha kucheka.

Jumapili, 10 Mei

Nimepita sokoni nikitoka kwa Mama. Nimenunua ndizi ambazo sizihitaji. Nikazunguka mlingoti kama anayetafuta kivuli. Sensa iko ubavuni mwa sanduku la swichi, ukinyoosha mkono unafika. Moraa alikuwa upande wa pili na wateja. Hatukusalimiana. Hatujawahi kukosa kusalimiana, miaka yote hii.

Mulika mwizi, na mwizi mwenyewe ni mimi. Naona aibu. Nitafanya hivyo hivyo.

Mvua kila jioni. Hata nikifaulu na taa, mawingu sina sensa yake.

Alhamisi, 14 Mei

Wamemfanyia. Haikuchukua muda. Mama aliwaimbia wauguzi. Sasa amelala kitandani kwangu, kitambaa jichoni, mikono kifuani. Bango la hoteli linapaka ukuta rangi nyekundu, zambarau, nyekundu. Nimetundika blanketi dirishani.

Ninaogopa.

Ijumaa, 15 Mei

Kitambaa kimetoka. Daktari aliuliza anaona nini. Mama akanitazama muda mrefu. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua mbuzi.

"Umezeeka," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Nimelia, daktari amecheka, Mama amecheka. Njiani alisoma kila kibao. Kibanda cha kinyozi, duka la simu, matangazo ya mazishi. Tukapita bonde la chai akaacha kusoma. Kisha akasema chai ni kijani sana, alikuwa amesahau.

Tumefika kabla ya jua kuzama, tumefungua Sabato ndani ya nyumba. Mvua inapiga bati. Daktari amesema avae miwani nyeusi, asiiname, asikae penye moshi. Amesikia moja kati ya hayo matatu.

Jumamosi, 16 Mei

Nitaandika yote nisije nikasahau.

Asubuhi mawingu. Mchana mawingu. Mama hakuyataja. Alikaa uani na miwani yake nyeusi, akisoma Zaburi kwa sauti, herufi kubwa. Saa kumi upepo ukatoka upande wa Borabu ukaanza kuyasukuma. Saa kumi na moja kilima kikameza jua kama kawaida, na juu yake mbingu ilikuwa safi.

Nikasema nafika juu mara moja. Mama akasema, "Sokoni? Siku ya Sabato?" Nikasema namwona Moraa. Akasema rudi kabla ya nyota. Nikaitikia. Ndipo nikafahamu jambo ambalo wiki mbili sikuliwaza. Nikishika tochi kule juu, nani atasimama naye huku chini? Alikuwa amengoja na mimi siku hii. Nami nimepanga kumwacha peke yake nayo.

Nilipanda hata hivyo. Sikuwa na njia nyingine.

Nikasimama nyuma ya sanduku la swichi, tochi ndani ya leso, nimeielekeza kwenye sensa. Jua likazama kweli. Rangi ikaanza kutoka kwenye vitu. Taa haikuwaka. Wanawake wakaanza kutazama juu. Mmoja akauliza kama stima imeenda. Mwingine akasema duka lile lina stima, basi ni taa. Wachumaji walikuwa wanaingia na vikapu vitupu mgongoni. Akapita kijana mmoja nisiyemjua, polepole, akitazama vibanda. Kama angempora mtu, ningekuwa nimemshikia mlango.

Moraa akaja moja kwa moja. Hakutafuta.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ukitaka kufanya kitu mbaya unanunua ndizi."

Nikasema, "Kitambaa kilitoka jana. Anaona. Yuko uani sasa hivi."

"Na nani?"

"Peke yake."

Alinitazama kama anavyotazama mteja mjinga. Kisha akachukua tochi mkononi mwangu, kwa mkono ule usionyooka.

"Wimbo moja," akasema. "Tutasikia tu kutoka huku. Ikiisha, natoa hii tochi. Kimbia."

Nilimsikia nyuma yangu akiwapigia kelele wenzake wasogeze vibanda, kila mtu asimame na mwenzake, anayeondoka asiondoke peke yake. Walinung'unika. Mtu akawasha koroboi. Mimi nilikuwa nateremka, viatu mkononi, tope mpaka magotini, na umri wangu huu.

Nikafungua lango, nikaiona.

Juu ya migomba, kushoto kidogo. Nyeupe. Imetulia. Ni kama haikuwahi kwenda popote.

Mama alikuwa kando ya ghala, miwani ameivua, anatafuta upande usio wake, kulia kabisa, kule kwenye mparachichi. Jicho lake jipya linahangaika. Nikafungua mdomo niseme ile pale. Nikaufunga.

Nikamfikiria Tata. Mtu aliyeweza kuona ndama wake ng'ambo ya bonde. Mtu aliyesoma nambari ya lori likiwa bado kwenye kona. Alikuwa anaiona, kila Jumamosi, kabla yetu sote. Alikuwa anajipangusa macho kwa koti na kutungoja.

Nikasimama karibu na Mama. "Mimi sioni kitu," nikasema. "Wewe je?"

"Ngoja. Usiniharakishe."

Nikangoja. Nikaona uso wake unageuka taratibu, unapita mparachichi, unapita ghala, unafika migombani. Unasimama.

"Ile pale!" Sauti haikuwa ya ajuza. "Kemunto! Ile pale! Wewe huioni? Ile pale!"

Akaanzisha wimbo. Nikaingia sauti ya pili. Ubeti baada ya ubeti, hakuruka hata mmoja. Nyota nyingine zikaanza kutoka nyuma yake, moja hapa, mbili kule. Ukaisha, nikavuta pumzi, nikajua mwanga unakuja. Mama akaanza tena ubeti wa kwanza.

Nilitaka kumzuia. Nilifikiria mkono wa Moraa. Sikumzuia. Kule juu kulibaki giza. Mama akaimba wote tena, macho juu, machozi yanashuka upande mmoja tu, ule wa jicho jipya, na daktari alisema lisilowane. Alipomaliza mara ya pili akasema amina. Mbwa akabweka mahali. Kisha taa ikawaka.

Mama aliinua mkono kujikinga. Akachungulia kati ya vidole.

"Hiyo ndiyo ile balbu?"

"Ndiyo, Mama."

Akaitazama sana.

"Kubwa hivi?" akasema. "Basi hata nabii angekosea."

Amesema kesho kutwa atamwambia mzee wa kanisa hivyo hivyo.

Jumapili, 17 Mei

Nimempelekea Moraa dawa ya kuchua. Mkono umemvimba. Nilisema samahani kwa maneno yangu ya siku ile, akasema maneno gani, nikajua ameshayatupa.

"Nilisema wimbo moja," akasema.

"Mama aliimba mara mbili."

"Nilisikia. Ile ya pili niliimba pia." Anaujua tangu utoto, kwa kungojea ndizi uani kwetu.

Hakuna aliyeporwa. Fungu moja la mboga halikuonekana, pengine lilianguka. Kamati imemfokea hata hivyo. Kuzima tena hapana, amesema, na usiniombe. Sitamwomba. Nikamwuliza kuhusu kofia. Bati la kufunika taa upande wetu, mwanga ushuke sokoni usimwagike bondeni. Alifikiri akiwa anapanga nyanya.

"Kofia sawa," akasema. "Lakini utengeneze wewe."

Nashangaa sikuwaza hilo tangu mwanzo. Mtu anauza taa miaka yote na hajui kwamba taa inaweza kuvaa kofia.

Jumamosi, 23 Mei

Mama amekwenda kanisani leo. Alikaa mbele. Aliyecheka siku ile alikuja kumsalimu, na Mama amemwambia gauni lake limetoka uzi.

Kofia bado. Fundi amekata bati, ataipandisha wiki ijayo. Kwa hiyo jioni taa imewaka kama kawaida yake, usoni. Nusu mwezi juu. Tulisimama kando ya ghala. Mama akainua kiganja akaifunika taa, kama mtu anavyojikinga jua akitazama shambani. Nami nikafanya hivyo. Nyuma ya kiganja mbingu ilikuwepo.

Baridi kidogo. Harufu ya migomba iliyolowa.

"Jicho hili bado," Mama akasema. "Sioni kitu. Wewe je?"

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umeelekea pale pale, kushoto kidogo ya migomba, jicho halipepesi. Akajipangusa jicho kwa ncha ya leso.

Nikageuka, nikaiona, nikaanzisha wimbo.

Ndizi ya kwanza kuiva nimekula mimi.